Majonzi na Tiba Yake

Mtu akivunjika mguu njiani, wapitao husimama. Huyu humshika bega, yule hutafuta gari, na hata adui yake huona haya kupita bila ya kumjulia hali. Hapana amwambiaye aliyevunjika mguu kwamba angetembea kama angependa kutembea. Lakini mtu huyo huyo akivunjika moyo, akakesha usiku na kusinzia mchana, akaona chakula kama majivu na maneno ya watu kama kelele za mbali, wapitao humpa amri badala ya msaada. Humwambia ajikaze, aache uvivu, azidishe sala, ajilinganishe na wale walio katika dhiki kubwa kuliko yake. Akishindwa kuzitii amri hizo, hulaumiwa. Basi swali ninalotaka kuliweka mbele yako, msomaji, ni hili: mtu aliyelemewa na majonzi hata akashindwa kuishi kama wenzake, je, ni mkosaji wa kuonywa au ni mgonjwa wa kutibiwa? Na kama ni mgonjwa, ni kitu gani hasa katika yeye kinachotakiwa kutibiwa?

Lugha yetu haikuwa maskini katika jambo hili. Wazee walitenga huzuni, ambayo kila mtu huionja ikapita, na simanzi, ambayo huja ikakaa. Walijua jitimai. Walijua kihoro, yaani ule mshtuko wa kupotewa na mtu au kitu ambao huweza kumkondesha mtu kama homa. Walijua wahaka, roho inapokosa utulivu kwa kungojea baya ambalo halijafika na pengine halitafika kamwe. Walijua pia kiwewe, pale mtu alipoona jambo la kutisha, na akili yake ikabaki mahali pale ijapokuwa mwili umekwisha ondoka. Siku hizi madaktari wa akili hutumia neno sonona kwa majonzi ambayo humkalia mtu karibu kila siku kwa muda wa majuma mawili au zaidi, yakamnyang'anya usingizi, hamu ya kula, nguvu, na ladha ya mambo aliyokuwa akiyapenda, na yakamfanya ajione hana thamani. Ukiyasoma maelezo haya kwa makini utaona kwamba hayana neno hata moja juu ya uvivu.

Sina budi kutaja hapa jambo moja la aibu katika historia ya elimu hii, kwa kuwa lilitokea nchini mwetu. Hospitali ya Mathari ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1910. Kutoka mwaka 1938 hadi mwaka 1950 iliongozwa na daktari wa serikali ya kikoloni aliyeitwa J. C. Carothers. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapa kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika. Humo alidai kwamba sonona ni nadra kwa Mwafrika, kwa sababu Mwafrika hana hisia ya kuwajibika wala ya kujilaumu, na akafananisha mwenendo wetu na ule wa Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ilimchapia kijitabu juu ya Mau Mau, ambamo madai ya watu waliopoteza ardhi yalielezwa kama matatizo ya akili zilizochanganywa na mabadiliko ya dunia.

Kosa lake la kwanza lilikuwa rahisi kuonekana kama angetaka kuliona. Alihesabu wale waliofikishwa kwake. Nao waliofikishwa kwake walikuwa aghalabu ni wale waliowasumbua wengine: waliopiga watu, waliokwenda uchi sokoni, waliochoma nyumba. Mwenye simanzi hapigi kelele. Hukaa pembeni mwa nyumba akiutazama ukuta, na hapana askari ampelekaye hospitali mtu anayeutazama ukuta. Maneno yote niliyoyataja, jitimai na kihoro na wahaka, yalikuwa yakisemwa nje ya dirisha la daktari yule, na pengine jikoni kwake.

Lakini tusifanye haraka ya kumlaani mgeni tukajisahau wenyewe. Mara ngapi umesikia, katika nyumba zetu na si katika kitabu cha mkoloni, kwamba ugonjwa huu ni wa Wazungu, au wa matajiri, au wa watoto waliodekezwa? Asemaye hivyo amerudia hukumu ya Carothers bila ya kujua.

Mimi mwenyewe nimo katika kosa hili. Nilipokuwa mwalimu katika shule moja ya bweni, nilikuwa na mwanafunzi wa kidato cha pili aliyekuwa hodari wa hesabu. Muhula wa kwanza wa mwaka alirudi mtu mwingine. Alisinzia darasani, akaacha mpira, na daftari lake likajaa kurasa tupu. Nilimpa adhabu ya kufyeka nyasi mara tatu, na katika taarifa yake ya mwisho wa muhula niliandika neno moja: mvivu. Nilijua ukweli baadaye, tena kwa mpishi wa shule, si kwa kijana mwenyewe. Wakati wa likizo ya Desemba gari walilopanda lilipinduka, na mdogo wake alifia kando yake. Tangu siku ile kila alipofumba macho alisikia breki. Ndiyo maana alikesha bwenini, na ndiyo maana alisinzia katika somo langu.

Katika habari ya kijana huyu kila mtu alikuwa amefanya sehemu yake. Muuguzi wa shule alimpa vidonge, kwa kuwa kichwa kilimuuma kweli. Jamaa zake walimpeleka kuombewa, na maombi yalimpa faraja ya siku mbili tatu. Baba yake, ambaye naye alikuwa katika msiba, alimwambia kwamba mwanamume halii. Mimi nilimpa panga la kufyekea. Mmoja alishika kichwa, mmoja roho, mmoja heshima ya uanaume, mmoja nidhamu; na katikati ya vipande hivi vyote mtoto mwenyewe hakushikwa na mtu. Hili ndilo ninaloliita kosa la kumgawa mtu. Kwa maoni yangu ni kosa la fikra kabla ya kuwa kosa la huruma, maana hatukukosa kumpenda. Tulikosa kumwona kuwa ni mtu mmoja.

Tuanze na mwili, kwa sababu wako watu ambao, wakisikia habari ya kumtibu mtu katika ukamilifu wake, hudhani kwamba ni kuudharau mwili na kuishi kwa maneno matamu. La, sivyo. Tezi iliyoko shingoni ikipungukiwa na kazi yake, mtu huchoka, huona baridi, huongezeka uzito, na huingiwa na huzuni ambayo hajui imetoka wapi. Nasaha za mwaka mzima hazitamfaa mtu huyo, na kidonge kidogo cha kila siku kitamfaa. Upungufu wa damu nao huleta uchovu unaofanana na sonona. Pombe, ambayo watu huinywa wapate kusahau, huwarudishia majonzi yao asubuhi pamoja na faida yake. Tena ziko dawa za sonona yenyewe, zilizopimwa, ambazo daktari huweza kumpa mgonjwa, hasa ugonjwa unapokuwa mkali. Na kuzimeza si aibu zaidi ya kumeza dawa ya malaria.

Baada ya mwili yako mawazo. Mwenye sonona hulitafsiri kila jambo dhidi ya nafsi yake. Rafiki akipita bila ya kumsalimu, hasemi kwamba rafiki hakumwona. Husema kwamba yeye si mtu wa kusalimiwa. Tangu miaka ya 1960 Aaron Beck, daktari wa Philadelphia nchini Marekani, alionyesha kwamba mawazo ya namna hii huweza kutolewa nje, yakahojiwa kama shahidi anavyohojiwa mahakamani, na mara nyingi ushahidi wake huonekana dhaifu. Hii ni tiba ya kweli na imesaidia wengi. Hata hivyo ina mpaka. Mjane aliyefukuzwa katika shamba la mumewe hadhani tu kwamba amefukuzwa. Amefukuzwa. Wazo lake la huzuni ukilihoji mpaka jioni litabaki kuwa kweli. Huyu atatibiwaje?

Kwa jibu la swali hilo nitakupeleka Harare, mji mkuu wa Zimbabwe, maana huko lilijibiwa kwa vitendo. Mwaka 2005 serikali ya nchi ile ilibomoa nyumba na vibanda vya biashara katika mitaa ya watu maskini. Umoja wa Mataifa ulimtuma Anna Tibaijuka, Mtanzania aliyekuwa mkuu wa shirika la makazi lenye makao yake hapa Nairobi, naye katika ripoti yake alikadiria kwamba watu 700,000 walipoteza nyumba, au riziki, au vyote viwili. Mwaka huo huo Dixon Chibanda, mmoja wa madaktari wachache sana wa akili katika nchi ile, alipata habari kwamba mgonjwa wake, msichana aliyeishi mbali na mji, amejitoa uhai. Alipozungumza na mama wa marehemu alijua kwamba walikuwa wamekusudia kumleta hospitali, lakini walikosa nauli ya basi. Nauli yenyewe ilikuwa dola 15.

Daktari huyu angaliweza kuulaumu umaskini akaendelea na kazi yake. Badala yake alijiuliza ina maana gani kwa tabibu kukaa hospitalini akiwangojea watu wasioweza kumfikia. Aliomba msaada wa kufanya kazi katika mtaa wa Mbare. Hakupata madaktari, wala wauguzi, wala chumba. Zahanati ilikuwa imejaa. Alichopata ni nyanya 14, wanawake wazee waliokuwa wakifanya kazi ya afya mitaani na kuitwa ambuya utano, yaani nyanya wa afya. Kwa kuwa hapakuwa na chumba, liliwekwa benchi la mbao nje, chini ya mti. Mwanzoni daktari aliliita benchi la afya ya akili, na watu wakalikimbia, maana nani atakayekubali kuonekana amekaa juu ya benchi la wenye wazimu? Nyanya ndio waliomrekebisha msomi. Likaitwa Chigaro Chekupanamazano, kiti cha kupeana mashauri, na watu wakaja.

Nyanya hawa hawakusema habari ya sonona wala hawakutumia jina lolote la kigeni. Walisema kufungisisa, neno la Kishona lenye maana ya kuwaza kupita kiasi. Kufunga kwa Kishona ni kufikiri. Msomaji wa Kiswahili akilisikia neno hili hukumbuka kamba, na sioni kwamba amekosea sana, kwa sababu awazaye jambo moja usiku kucha ni mtu aliyefungwa. Mgeni akifika huulizwa maswali 14 juu ya usingizi wake, hofu zake, machozi yake na mengineyo, yaliyotungwa kwa lugha na mazoea ya watu wa huko. Kisha kazi huwa na hatua tatu. Ya kwanza ni kuvhura pfungwa, kuyafungua mawazo: mtu hueleza yote yanayomlemea, na nyanya husikiliza. Ya pili ni kusimudzira, kumwinua: katika matatizo yote mgeni huchagua moja, na wawili hao hutafuta hatua ndogo inayowezekana. Ya tatu ni kusimbisa, kumtia nguvu, kwa kurudi na kutazama hatua ile imezaa nini.

Tuseme ni yule mjane wetu. Nyanya hamwambii kwamba shamba si kitu, wala hamwahidi kwamba atalirudisha. Huenda wakaona kwamba hatua ya kwanza ni kwenda kwa mzee mmoja wa ukoo aliyeshuhudia mahari, basi. Hilo si jambo kubwa. Lakini mtu ambaye kwa miezi mitatu hakuweza hata kufua nguo sasa ana neno la kufanya siku ya Jumatano, tena amelichagua mwenyewe. Baada ya vikao vyake, ambavyo kwa kawaida havizidi sita, hukaribishwa katika kundi la watu waliopita juu ya benchi lile lile, ambao hukutana, huzungumza, na hushona mifuko kwa plastiki zilizotumika, wakapata fedha kidogo. Na akionekana kuwa katika hatari, nyanya hakai naye peke yake. Humpeleka kwa wenye elimu kubwa zaidi.

Mambo haya hayakuachwa kuwa hadithi ya kupendeza. Yalipimwa. Katika zahanati 24 za Harare watu 573 waligawanywa, wengine wakapata huduma ya kawaida na wengine wakapelekwa kwenye benchi, na matokeo yalichapwa mwaka 2016 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani. Baada ya miezi sita, karibu nusu ya wale wa huduma ya kawaida walikuwa bado na dalili za sonona. Katika wale wa benchi walikuwa 14 hivi katika kila 100. Benchi hilo limefuatwa Malawi, Unguja, na hata New York. Hapa kwetu Nairobi, uchunguzi uliochapwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba wahudumu wa afya wa mitaani, waliofundishwa njia fupi ya vikao vitano, waliweza kupunguza mateso ya moyo ya wanawake waliowahi kutendewa ukatili.

Hapo mtu mwenye akili kali ataleta pingamizi, na ni haki yake. Atasema: serikali ikimbomolea mtu nyumba, je, dawa yake ni nyanya na benchi? Si afadhali arudishiwe nyumba? Na kumfundisha aliyeonewa namna ya kuvumilia, si kumsaidia mwonevu? Pingamizi hili nimelifikiria sana, na silioni kuwa jepesi. Tumekwisha mwona Carothers akiyageuza madai ya haki kuwa maradhi, na mlango huo haukufungwa alipoondoka. Tabibu amwambiaye mfanyakazi aliyenyimwa mshahara kwamba tatizo lake ni wahaka ametoka katika utabibu akaingia katika kazi ya mwajiri. Walakini naona pia kwamba aliyelala chini hawezi kudai. Sonona humwondolea mtu kwanza ile imani kwamba anastahili kitu, na bila ya imani hiyo hapana atakayekwenda kwa chifu, wala mahakamani, wala kwa jirani. Mjane aliyeinuliwa kwenye benchi hakufundishwa kuvumilia, alipewa miguu. Kwa hiyo nadhani kipimo cha tiba ya haki ni kutazama inamwacha mtu akiwa na uwezo gani mbele ya jambo lililomwumiza.

Pingamizi la pili ni la walaghai, na hili nitalipita upesi. Wapo wajitangazao kwamba wanatibu mwili, akili na roho kwa pamoja, wakapokea fedha nyingi na kuwaamuru wagonjwa watupe dawa za hospitali. Kumtazama mtu mzima si ruhusa ya kufanya lolote. Mwaka 1954 Thomas Adeoye Lambo, daktari wa akili wa Nigeria, alianza mpango wake huko Aro, karibu na Abeokuta. Wagonjwa hawakufungiwa ndani ya kuta. Walipanga katika vijiji vya jirani, kila mmoja pamoja na ndugu yake wa kumpikia na kumtunza, na mchana walikwenda hospitalini. Lambo aliwaalika hata waganga wa jadi washirikiane naye. Lakini hakuiacha sayansi yake mlangoni. Dawa na vipimo vya hospitali viliendelea. Aliongeza jamaa juu ya tiba, hakuondoa tiba akaweka jamaa.

Sasa turudi kwenye swali la kwanza, kama aliyelemewa ni mkosaji au ni mgonjwa. Kwa miaka mingi sheria yetu ilikuwa na jibu lake. Kifungu cha 226 cha Sheria ya Adhabu kilisema kwamba mtu ajaribuye kujitoa uhai ametenda kosa, na adhabu yake huweza kufika kifungo cha miaka miwili. Yaani mtu alitolewa katika ukingo wa kifo akapelekwa kituo cha polisi. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Nchi imejibu kwa kinywa cha hakimu. Mitaani na shuleni bado tunajibu kila mmoja kwa kinywa chake.

Wazee walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na kwa kawaida methali hii huelekezwa kwa mgonjwa, kwamba aseme. Mimi ningeielekeza kwa sisi tunaomzunguka, maana mara nyingi maradhi yake sisi ndio tunaoyaficha, kwa kuyapa jina jingine. Wewe unayesoma una mwenzako darasani ambaye amebadilika. Huhitaji kuwa daktari kwake, wala hutakiwi kubeba siri nzito peke yako. Akikuambia kwamba hataki tena kuishi, usimwahidi kunyamaza. Nenda pamoja naye kwa mwalimu, au muuguzi, au mzazi ambaye atasikiliza, na siku hiyo hiyo. Kama wewe ndiwe uliyebadilika, mtafute mmoja umwambie, na wa kwanza akikucheka, mwendee wa pili.

Yule kijana nilimwita mwisho wa muhula wa pili. Sikuwa na elimu yoyote ya jambo hili, na nilianza vibaya, kwa kujieleza. Kisha nikanyamaza. Tulikaa nje ya maktaba muda mrefu, hata kengele ya chakula ikalia na tusiondoke. Alianza na jina la mdogo wake. Wiki iliyofuata tulikwenda hospitali ya wilaya pamoja na baba yake, ambaye njia nzima hakusema neno, na ambaye katika chumba cha daktari alilia kabla ya mwanawe. Haikuwa ajabu ya siku moja; kijana alikosa mitihani miwili na kurudia mwaka. Lile neno nililoliandika katika taarifa yake nilikwenda kulifuta kwa mkono wangu katika kitabu cha shule, lakini nakala ya nyumbani ilikuwa imekwisha kwenda, na sijui kama aliihifadhi.